Kabla ya kulala chini ya leza: mambo ya kuzingatia kwa asiyeona mbali

Upasuaji wa leza wa kurekebisha macho ni wa dakika chache. Kwa jicho moja, leza yenyewe mara nyingi haimalizi hata dakika nzima. Ndiyo maana wengi huuona ni jambo la kwenda na kurudi: weka miadi, lipa, rudi nyumbani bila miwani. Lakini swali kubwa, kama jicho lako linafaa au halifai, hujibiwa siku nyingine kabisa, kwenye chumba cha vipimo. Huko ndiko kazi hii inakofanikiwa au kuharibika. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyevaa miwani tangu sekondari, amechoka nayo, ana akiba yake mkononi na anataka kujua ajipange vipi.

Tuanze na kinachofanyika humo ndani. Asiyeona mbali huwa na jicho refu kidogo kuliko inavyotakiwa, au konea iliyopinda mno, na kwa hiyo taswira hutua mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, badala ya kutua juu yake. Konea ni ule utando angavu wa mbele ya jicho, na ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili ya kazi yote ya kukunja mwanga. Mwenye astigmatizimu konea yake imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko. Leza ya eksima, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, hunyoa konea kidogo kidogo, takriban robo ya mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa kila pigo, mpaka mpindo ufike panapotakiwa. Teknolojia hii si ngeni: Marekani iliidhinisha PRK, aina ya kwanza ya upasuaji huu, mwaka 1995. Ila konea iliyonyolewa haioti tena. Hilo peke yake linatosha kukuondolea haraka.

Jambo la kwanza ni namba yako ya miwani: imetulia au bado inapanda? Umri wa chini kabisa ni miaka 18, lakini umri si kigezo pekee. Kinachotakiwa ni namba isiyobadilika kwa zaidi ya nusu dayopta (kipimo cha namba ya miwani) ndani ya mwaka mzima. Wanafunzi wengi wa chuo bado namba zao zinatembea, na ukimfanyia leza mtu wa namna hiyo atarudi kwenye miwani baada ya miaka michache. Tafuta karatasi zako za zamani. Kama zimepotea, chukua miwani ya zamani iliyolala kabatini, hata yenye kioo kilichokwaruzika. Kliniki ina mashine ya kusoma lenzi na itakwambia namba uliyokuwa nayo wakati huo. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, kwa sababu homoni hubadilisha namba na kukausha macho. Mara nyingi huambiwa warudi miezi kadhaa baada ya mtoto kuacha kunyonya.

Kama unavaa lenzi za kubandika machoni, ziache mapema kabla hata ya kwenda kupima. Lenzi huikandamiza konea na kuipa umbo lisilo lake, na ukipimwa siku uliyoivua, kompyuta itaandaa mpango wa upasuaji juu ya umbo la uongo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, hushauri wiki 2 kwa lenzi laini za kawaida, wiki 3 kwa lenzi laini za astigmatizimu au zile ngumu zinazopitisha hewa, na wiki 4 kwa lenzi ngumu kabisa. Hata zile za rangi za mapambo zinahesabiwa. Watu hujipunguzia muda huu kwa kuona aibu kurudi kazini na miwani minene. Tafadhali usifanye hivyo.

Sasa vipimo vyenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kliniki iliyo makini itachora ramani ya konea yako, mbele na nyuma, na kupima unene wake. Konea ya wastani ina unene wa mikroni 540 hivi katikati, yaani nusu milimita na kidogo. Ukifanyiwa LASIK, aina nyingine ya upasuaji huu, daktari hukata kwanza kifuniko chembamba cha juu, tuseme mikroni 110, anakifunua, kisha leza inanyoa chini yake takriban mikroni 15 kwa kila dayopta moja. Kinachobaki chini ya kifuniko kisipungue mikroni 250, na madaktari wengi hupenda kibaki zaidi ya 300. Chukua kalamu ufanye hesabu. Mwenye namba -4.00 na konea ya 540: toa 110, toa 60, inabaki 370. Yuko salama. Mwenye -9.00 na konea ya 490: toa 110, toa 135, inabaki 245. Huyo akikubaliwa LASIK, aondoke pale akatafute maoni ya daktari mwingine. Konea iliyonyolewa kupita kiasi inaweza kulegea na kujitokeza mbele miaka baadaye, na uoni unaoharibika hivyo miwani ya kawaida haiurudishi.

Ramani ya konea ina kazi nyingine kubwa zaidi: kutafuta keratokonasi, ugonjwa ambao konea hukonda yenyewe na kuchongoka. Mwanzoni mgonjwa huonekana kama mtu wa kawaida asiyeona mbali mwenye astigmatizimu, na hivyo hujipeleka mwenyewe kwenye leza akidhani ni tiba yake, kumbe itamwongezea tatizo. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Watoto wengi wa maeneo ya joto na vumbi hukua na mzio wa macho unaowasha miaka nenda miaka rudi, nao huyafikicha macho usiku na mchana. Kufikicha huko kunahusishwa na keratokonasi. Kwa hiyo kama ulikuwa mtoto wa macho mekundu yanayowasha, kama mpaka leo unayafikicha, au kama astigmatizimu yako imekuwa ikiongezeka kila unapobadilisha miwani, mwambie daktari bila kusubiri kuulizwa. Na kama kliniki inataka kukupangia siku ya upasuaji bila ramani hiyo, ondoka.

Wenye astigmatizimu wana jambo lao la pekee. Kwenye karatasi ya miwani utaona namba tatu kwa kila jicho, kwa mfano -3.50, -1.25, 180. Ya kwanza ni ya kutoona mbali, ya pili ni ukubwa wa astigmatizimu, ya tatu ni mwelekeo wake kwa nyuzi. Hiyo ya tatu ndiyo yenye mtego. Mtu akitoka kukaa wima na kulala chali, jicho huzunguka kidogo ndani ya tundu lake, na mwelekeo uliopimwa akiwa amekaa haulingani tena na alivyolala. Kila nyuzi moja ya kupotea hupunguza marekebisho kwa asilimia 3 na kidogo. Nyuzi 10 hupoteza theluthi nzima, na zikifika 30 ni kama hukufanyiwa kitu kwa upande wa astigmatizimu. Mashine za kisasa hulitambua jicho kwa michirizi ya ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni na kujirekebisha. Pengine utaona daktari anakukalisha wima, anakutia tone la ganzi, kisha kwa kalamu ya wino wa zambarau anaweka alama mbili kwenye ukingo wa konea, kulia na kushoto, ili ukilala azifuate. Muulize anatumia njia gani kati ya hizo. Ni swali la haki, na daktari mwenye uzoefu hulifurahia.

Kipimo cha machozi kisirukwe. Kikaratasi chembamba hutundikwa kwenye ukingo wa kope la chini kwa dakika 5, kisha huangaliwa kimelowa milimita ngapi. Kilicholowa chini ya 5 kinaonyesha ukavu mkubwa. LASIK hukata neva nyembamba za konea, zile zinazouambia mwili utoe machozi, kwa hiyo jicho lililokuwa kavu kabla litazidi kukauka kwa miezi. Anayekaa mbele ya kompyuta chini ya kiyoyozi kutwa nzima autibu ukavu kwanza, ndipo azungumzie leza.

Halafu daktari atie matone ya kupanua mboni aangalie retina. Asiyeona mbali, hasa mwenye namba kubwa, ana retina iliyovutika na rahisi kuchanika. Leza inaondoa miwani, haifupishi jicho. Hatari ile inabaki pale pale hata ukiona vizuri kabisa, na ukiona vimulimuli vya ghafla, mvua ya vidoa vyeusi au pazia linaloshuka pembeni, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata miaka 10 baada ya upasuaji. Siku ya kupanuliwa mboni usiendeshe gari, na ubebe miwani ya jua.

Kuhusu afya ya mwili mzima, sema kila kitu. Kisukari kisichodhibitiwa, baridi yabisi ya kingamwili, lupasi, malengelenge ya hapisi yaliyowahi kushika jicho, dawa ya chunusi ya isotretinoini, dawa zozote zinazoshusha kinga: kila kimoja kinaweza kuchelewesha jeraha kupona au kuzuia upasuaji. Wenye ngozi inayoota keloidi huja na hofu kwamba jicho nalo litaota kovu la namna ile. Wamweleze daktari wao, lakini wasikate tamaa mapema. Kwa kawaida hilo peke yake halimzuii mtu.

Aliyekaribia miaka 40 ninamwomba asome aya hii mara mbili. Kuanzia umri huo lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na kila mtu huanza kusogeza simu mbali ili asome. Mwenye -2.50 ana bahati asiyoijua: akivua miwani, anasoma, anatunga uzi kwenye sindano, anaona mwiba kwenye kidole cha mtoto. Ukimrekebisha aone mbali, bahati hiyo inaondoka na miwani ya kusomea inaingia mahali pake. Fundi cherehani wa miaka 44, kinyozi, mhasibu, fundi simu, hawa wapime kwanza maisha yao ya karibu kabla ya yale ya mbali. Kuna wanaorekebishwa jicho moja lione mbali na jingine liachwe lione karibu, na wapo wanaolipenda sana. Lijaribu kwanza kwa lenzi za kubandika kwa siku kadhaa, kwa sababu wengine huumwa kichwa na hawalizoei kamwe.

Aina za upasuaji ni tatu zinazotajwa zaidi. PRK haina kifuniko: ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, leza inapita, na lenzi laini hubandikwa kama bandeji kwa siku 3 hadi 5 mpaka ngozi iote. Maumivu ya siku za mwanzo ni ya kweli, kuwasha na machozi na kuchukia mwanga, na uoni husafika kwa wiki, wakati mwingine miezi. LASIK ni ya kifuniko, na wengi kesho yake wanasoma vibao vya barabarani. SMILE hutumia leza nyingine kuchonga kipande chembamba ndani ya konea na kukitoa kupitia mpasuo mdogo wa milimita chache. Usichague kwa jina linalopendeza. Bondia, askari au mcheza soka ambaye jicho lake linaweza kupigwa anafaa zaidi kwa njia isiyo na kifuniko, na mwenye konea nyembamba vilevile. Kwa wenye namba kubwa mno ipo lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho bila kunyoa konea, nayo ina vipimo na hatari zake.

Na matarajio? Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao PROWL, ambao FDA ilishiriki kuuendesha. Zaidi ya asilimia 95 ya waliofanyiwa LASIK waliridhika na uoni wao. Hata hivyo, kati ya wale ambao kabla hawakuwa na dalili zozote za uoni, hadi asilimia 46 walikuwa na angalau moja baada ya miezi 3, hasa miduara ya mwanga kuzunguka taa, na hadi asilimia 28 ya wasiokuwa na ukavu wa macho waliupata. Walioona dalili hizo zinawatatiza sana katika shughuli zao hawakufika asilimia 1. Kwangu mimi hizi ni habari njema, ila dereva wa lori au wa basi la usiku azisome kwa makini kuliko mtu wa ofisini, kwa sababu miduara ile ndiyo atakayokutana nayo kila gari linapokuja mbele yake gizani.

Fedha: uliza bei ni ya jicho moja au yote mawili, na kama ndani yake mna vipimo, matone, miadi ya baadaye na marudio iwapo namba haikukaa sawa. Tangazo linaloanza na neno "kuanzia" halikuambii bado utalipa nini. Bima nyingi huliweka jambo hili kwenye fungu la urembo, hivyo pata jibu la bima kwa maandishi. Anayesafiri, iwe Nairobi au India, apange kukaa mpaka miadi ya wiki ya kwanza ipite, na kabla hajaondoka nyumbani awe amempata daktari wa macho wa karibu aliyekubali kuendelea kumwangalia. Kutoka Kigoma huwezi kurudi kliniki ya ng'ambo kwa sababu jicho limeanza kuuma saa nane usiku.

Siku ya upasuaji nenda umekula na umelala vizuri. Wanja, maskara na kope za bandia uwe umeziacha siku kadhaa kabla, kwa maana chembe zake hukaa kwenye mizizi ya kope na huko ndiko maambukizi yanakoanzia. Usijipulizie manukato, mvuke wake unaweza kusumbua leza. Uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani kwa gari, si kwa bodaboda. Kabla hujalala, hakikisha wamekuuliza jina lako, jicho gani na namba gani, na zilingane na karatasi yako. Utatiwa matone ya ganzi, hakuna sindano. Wakati wa kukata kifuniko jicho hubanwa na uoni huweza kufifia au kuwa giza kwa sekunde kadhaa. Wengi hushtuka hapo kwa kuwa hawakuambiwa. Kisha utaambiwa utazame kitaa, utasikia mlio wa mapigo ya haraka na harufu kama ya nywele zilizoungua. Jicho lako haliungui. Likitetereka kidogo mashine hulifuata, na likikimbia mbali hujizima.

Baada ya hapo nidhamu ni yako. Lala na ngao ya plastiki juu ya macho, usiyafikiche hata usingizini, kaa mbali na bwawa, bahari na vumbi kwa wiki kadhaa. Wanaotawadha wapange mapema na daktari jinsi ya kuosha uso bila maji kuingia machoni. Matone ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, yafuate ratiba. Ukijiongezea kutoka duka la dawa unaweza kupandisha presha ya jicho bila kuhisi chochote. Usitie kitu kingine, si maziwa ya mama, si dawa ya mitishamba. Aliyefanyiwa PRK avae miwani ya jua kwa miezi, kwa sababu jua kali huchangia ukungu wa konea. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka, usaha, au uoni uliosafika kisha ukafifia: piga simu saa hiyo hiyo.

La mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Omba nakala ya vipimo vyako vya kabla ya upasuaji na uihifadhi maisha yako yote. Konea iliyokondeshwa hudanganya kifaa cha kupima presha ya jicho, kinasoma chini kuliko ukweli, na glakoma, inayoharibu neva ya kuona, ni ugonjwa unaotuandama sana sisi Waafrika. Tena, siku utakapozeeka na kupata mtoto wa jicho, daktari atahitaji kukokotoa nguvu ya lenzi ya kukuwekea, na hesabu za kawaida hukosea kwa jicho lililopita kwenye leza. Kwa hiyo faili lako liwe na namba ya miwani kabla ya upasuaji, mpindo na unene wa konea, presha ya jicho, aina ya upasuaji na tarehe yake, na namba iliyobaki baada ya miezi 6. Piga picha kila ukurasa, jitumie kwa barua pepe, na nakala moja mpe mtu wa nyumbani anayejua kutunza karatasi.